Harrison Weir: Mchoraji aliyeanzisha shoo za paka, halafu akawaachia wenyewe

Kuna paka wa Kilifi ambaye ako na karatasi kushinda wasee wengi hapa mtaani. Anaitwa Sokoke. Jina ni la ule msitu wa Arabuko-Sokoke, na Wagiriama walikuwa wanamjua kitambo kama kadzonzo, kwa sababu ukiangalia manyoya yake utadhani ni gome la mti. Mwaka wa 1978 vipaka vya aina hiyo vilipatikana huko pande za Watamu, 1984 wengine wakapelekwa Denmark, na kufikia 1993 shirikisho la wapenda paka la Ulaya, FIFe, likasema sawa, huyu ni aina yake, aandikwe kitabuni. Paka wa msituni, na leo ukoo wake umeandikwa, kuna majaji wa kumpima masikio na mkia, na wateja wako.

Sasa nani alitoka akaamua kwamba paka anaweza kusimama mbele ya jaji kama ng'ombe wa gredi pale shoo ya Jamhuri? Huyo msee yuko. Jina lake ni Harrison Weir, Muingereza, mchoraji kwa kazi. Na stori yake inauma kidogo, juu kitu alichokianzisha mwenyewe ndicho kilikuja kumchosha.

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1824, mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza. Mwaka huo huo, kule London, kulianzishwa chama cha kupinga ukatili kwa wanyama, kile ambacho baadaye kilipewa baraka za malkia na sasa kinajulikana kama RSPCA. Sheria ambayo ilikuwa imepita bungeni miaka miwili kabla ilitaja farasi, ng'ombe na kondoo. Paka hakutajwa. Hiyo iweke pembeni, tutaihitaji.

Budake alikuwa mtu wa benki, kwa hivyo nyumbani hawakuwa na msoto. Harrison alisoma shule moja Camberwell, London, lakini kitabuni kichwa chake kilikuwa kwa picha. Akiwa na miaka 13, mwaka wa 1837, akatolewa shule akapelekwa kwa George Baxter kujifunza kazi. Baxter hakuwa mtu mdogo. Ni yeye aliyekuwa amepata hataza ya kuchapisha picha za rangi, na siku hizo picha ya rangi iliyochapishwa ilikuwa maajabu. Mkataba ulikuwa wa miaka 7. Kijana akachoka mapema sana. Alitaka kuchora wanyama, si kusimama siku nzima kwa mitambo ya mtu mwingine. Lakini mkataba ni mkataba, akapiga hiyo miaka yote, na usiku anajifundisha kuchora ndege na sungura.

Mwaka wa 1842 ndio mambo yalianza kujipa. Gazeti jipya lilizinduliwa London, Illustrated London News, lenye picha tele wakati magazeti mengine mengi yalikuwa maneno matupu. Weir akaingia tangu mwanzo. Kwa miongo iliyofuata, ukiona picha ya kuku, bata, paa au paka kwa gazeti au kitabu cha Uingereza, kulikuwa na uwezekano mkubwa ni mkono wake. Alichora vitabu vya masomo ya wanyama, alichora vitabu vya watoto, na zile hadithi za Aesop, zenye sungura na kobe wake ambao wewe mwenyewe ulisimuliwa shule ya msingi, kuna toleo moja la 1867 ambalo lilienda mbali sana na picha zake ni za Weir.

Doo ilikuja. Mwaka wa 1845 alikuwa ameoa binti wa John Frederick Herring, mchoraji wa farasi aliyekuwa na jina kubwa, na mwaka wa 1866 akajijengea nyumba kule Kent na kuiita Weirleigh, yaani jina lake mwenyewe kwa geti. Baadaye aliiuza, na ndani ya nyumba hiyo hiyo ndio alizaliwa Siegfried Sassoon, mshairi wa vita vya kwanza vya dunia. Lakini hiyo ni stori ya watu wengine.

Weir alikuwa pia jaji wa kuku. Usicheke. Uingereza ya wakati huo ilikuwa imeshikwa na homa ya kuku wa shoo. Watu walikuwa wanalipa pesa ndefu kwa jogoo mwenye upanga sawasawa. Halafu mwaka wa 1859, huko Newcastle, mbwa nao wakaanza kufanyiwa shoo. Kuku ako na jukwaa, mbwa ako na jukwaa, ng'ombe ndiyo usiseme. Mnyama mmoja tu wa nyumbani ndiye alibaki nje kwa baridi.

Ili uelewe, lazima ujue paka wa London alikuwa nani miaka hiyo. Alikuwa kifaa cha kushika panya. Wengi walimweka jikoni au stoo, wakamnyima chakula makusudi eti akishiba hatawinda. Watoto wa mtaa walimtupia mawe, mbwa waliachiliwa kumkimbiza, na mtu mzima angempiga teke bila sababu, kwa vile tu ni paka. Lakini mji huo huo ulikuwa na paka wengi hadi kulikuwa na biashara yao. Kulikuwa na wachuuzi wa nyama ya paka, yaani nyama ya farasi iliyochemshwa, ikakatwa na kuchomekwa kwa vijiti, halafu jamaa anapita mlango kwa mlango kila siku na kikapu chake. Kama mtu wa mutura, ni vile tu kastoma wake ako na mkia. Paka walijua saa yake na walikuwa wanamngoja kwa ngazi.

Weir aliona hayo yote. Kama mchoraji alikuwa amekaa masaa na masaa akimtazama paka amelala mbele ya moto, na macho yake yalikuwa yanaona kitu ambacho majirani hawakioni. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mtu huheshimu kitu kikiwekewa zawadi. Kuku alipowekewa kikombe, ghafla akajengewa banda safi. Je, paka naye akiwekewa mito, jaji na kikombe? Mtu atatoka kwa shoo, arudi nyumbani, aangalie yule paka wa jikoni mara ya pili. Weir alikuwa anamtaka huyo wa jikoni, na paka wa matajiri walikuwa tu wa kupamba shughuli.

Akapeleka wazo kwa beshte wake, Wilkinson, aliyekuwa meneja wa Crystal Palace. Kama hujawahi kuskia, hilo lilikuwa jumba la vioo na chuma, kubwa ajabu, lililojengwa Hyde Park kwa maonyesho ya dunia ya 1851, kisha likabomolewa na kujengwa upya Sydenham, kusini mwa London. Huko ndiko watu walikuwa wanaenda kubarizi. Wilkinson akaona hapo kuna kitu.

Ndani ya siku chache Weir akarudi na mpango mzima. Na hapa ndio unajua jamaa alikuwa mtu wa kazi: alileta ratiba ya zawadi, ada ya kuingiza paka, idadi ya madaraja, nani ashindane na nani kulingana na rangi, umbo, ukubwa na jinsia, na alama ambazo majaji watatumia. Hadi bango akalichora mwenyewe, kichwa cha paka kwa wino mweusi juu ya karatasi ya njano. Kazi ya kutafuta paka wenyewe akapewa Wilson, aliyekuwa msimamizi wa shoo pale Crystal Palace.

Watu walicheka, bila shaka. Shoo ya paka? Atakayewashika ni nani?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Julai 1871. Weir alikuwa na miaka 47, mtu mwenye jina lake, na kwa treni ya kwenda Sydenham tumbo lilikuwa linamkoroga. Kwenye behewa alikuwa na beshte yake mmoja ambaye hakuwa mtu wa paka hata kidogo, na huyo akawa anamuuliza maswali ya kumkatisha tamaa. Weir mwenyewe alikiri baadaye kwa maandishi kwamba alikuwa na uoga. Je, wataleta paka wangapi? Wale paka, wakiwekwa kwa vizimba kando ya wenzao wasiowajua, si watapiga kelele jumba lote? Si watagoma kula? Si watajirusha kwa nyaya wakitaka kutoka? Na mtu mmoja akiumwa mkono mbele ya magazeti, si itakuwa mwisho wa maneno?

Akaingia. Kimya. Paka karibu 170 walikuwa kwa vizimba vyao, wamelala juu ya mito myekundu, wanakoroma ile koroma ya raha, na mara moja moja mmoja anainuka analamba maziwa, anarudi kulala. Kulikuwa na wakubwa, wa wastani, wadogo, wa kila rangi, na weupe pee wa Persia. Yule beshte wa kwa treni akaanza kusimama mbele ya vizimba mwenyewe bila kuambiwa, akimsifia huyu, akimsifia yule. Weir akamgeuzia maneno pale pale. Wengi wa hawa unaowasifia, akamweleza, hawana tofauti na wale unaowaona kila siku barabarani. Tofauti ni kwamba hawa wamelishwa na hawajapigwa. Stori inaendelea kwamba muda si mrefu yule jamaa akawa na paka wake mwenyewe kwa keja.

Lakini usidhani wote walikuwa watulivu. Duke wa Sutherland alileta paka mwitu kutoka Scotland ambaye alikuwa ameshapoteza mguu kwa mtego. Manze, huyo hakutaka mchezo. Inasemekana wanaume kumi walishindwa kumtoa kwa sanduku lake hadi kizimba cha nyaya. Na kulikuwa na paka wa Siam, hii nchi tunayoiita Thailand leo, mwili wa rangi ya krimu, uso na miguu nyeusi, macho ya bluu. Waingereza hawakuwa wamezoea kitu kama hicho, na mwandishi mmoja wa gazeti akamfananisha na jinamizi. Jinamizi hilo, miaka michache mbele, ndilo paka la matajiri. Maoni ya watu kuhusu urembo hayakawii kubadilika.

Majaji walikuwa watatu: Weir mwenyewe, ndugu yake John Jenner Weir, na kasisi Macdona. Ndugu yake alikuwa mtaalamu wa wadudu na ndege, mtu ambaye hata Charles Darwin alikuwa anaandikiana naye barua. Macdona naye alijulikana zaidi kwa mbwa wake wakubwa wa aina ya St Bernard, kwa hivyo ni mtu wa mbwa aliyekuja kuhukumu paka. Na kati ya paka walioshindana, kulikuwa na paka wa Weir mwenyewe, jike wa milia mwenye rangi ile ya kijivu ambayo wafugaji huiita bluu, umri miaka 14, jina The Old Lady, yaani Bi Mkubwa. Weir alimwona ndiye bora wa rangi yake kwa shoo nzima. Jaji, ndugu ya jaji, na paka wa jaji. Ingekuwa hapa kwetu, tungekuwa tumeshaanzisha hashtagi.

Shoo iliwaka. Umati ulikuwa mkubwa hadi Desemba ya mwaka huo huo Crystal Palace wakarudia tena. Kisha Birmingham, kisha Edinburgh, kisha miji mingine. Na kitu kimoja ambacho nakipenda sana katika miaka hiyo ya mwanzo: kulikuwa na daraja maalum la paka wa wafanyakazi wa kawaida. Mtu wa kiwanda au wa kubeba mizigo angeweza kuleta paka wake wa nyumbani, bila ukoo, bila jina refu, na arudi na zawadi. Hapo unaona kabisa Weir alikuwa anafikiria nini.

Shida ni kwamba shoo inahitaji vipimo. Ukisema huyu ameshinda, aliyeshindwa atauliza ameshindwa kwa nini. Kwa hivyo Weir akaandika. Mwaka wa 1889 akatoa kitabu Our Cats and All About Them, na michoro yake mwenyewe ndani, na humo akaweka kipimo cha kila aina: kichwa alama kadhaa, macho kadhaa, manyoya, rangi, mkia, umbo, hali ya afya, jumla 100. Manyoya mafupi huku, manyoya marefu kule. Akaeleza paka wa Isle of Man wasio na mkia, wa Persia, wa Angora, na wale wa Siam akawapa kurasa zao. Kabla ya hapo, paka mweusi alikuwa tu paka mweusi. Baada ya hapo, mweusi mwenye unywele mmoja mweupe kifuani alikuwa amepoteza alama.

Kitabu kina mambo matamu. Kuna mahali anaongea juu ya paka wa rangi ya gamba la kasa, ule mchanganyiko wa nyeusi na chungwa. Majike walikuwa tele. Dume wa rangi hiyo? Shoo ziliweka zawadi miaka nenda miaka rudi na dume haonekani. Weir hakuwa na jibu na wakati wake hakuna aliyekuwa nalo. Leo tunajua. Rangi ya chungwa hubebwa kwa kromosomu X. Jike ako na X mbili, kwa hivyo anaweza kubeba nyeusi kwa moja na chungwa kwa ile nyingine. Dume wa kawaida ako na moja tu, lazima achague. Akitokea dume wa rangi zote mbili, mara nyingi ana X ya ziada na hawezi kuzaa. Yaani watu walikuwa wanatafuta kumzalisha mnyama ambaye maumbile yenyewe yamekataa.

Sasa tufike penye uchungu.

Mwaka wa 1887 wapenda paka wakaunda chama, National Cat Club. Rais wa kwanza, nani mwingine, Harrison Weir. Chama kikaanza kitabu cha ukoo, ambamo paka anaandikwa jina, baba yake, mama yake, mwenye paka na zawadi alizoshinda. Ukikifikiria haraka ni kitu kizuri. Unaweza kujua paka ametoka wapi, unaweza kuepuka kuzalisha ndugu kwa ndugu. Lakini angalia vile doo inaingia. Paka akishinda medali, jina lake linapanda. Jina likipanda, mwenye dume anatoza pesa kwa kila jike anayeletwa. Watoto wa huyo dume wanauzwa bei juu, ingawa hawajafanya lolote zaidi ya kuzaliwa. Wenye hao watoto wanataka medali pia, ili bei isishuke. Na medali zenyewe zinatolewa na chama ambacho wao ndio wanachama. Unaona vile mduara unafunga.

Paka wa mfanyakazi angeingilia wapi hapo? Yeye hana kitabu. Budake hajulikani, ni dume fulani lililopita kwa paa usiku.

Fesheni nayo ikachukua upande. Malkia Victoria alikuwa akifuga paka wa manyoya marefu, na kile malkia anafuga, wake wa matajiri wanafuga. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 paka wa manyoya marefu ndio walikuwa wamejaa kwa shoo, na yule paka wa Kiingereza wa manyoya mafupi, yule wa milia wa jikoni ambaye Weir alikuwa amemchora maisha yake yote, akawa wa kujaza nafasi. Weir hakuwachukia wa Persia. Aliwaandikia vizuri. Lakini hakuwa ameanzisha shoo kwa ajili yao.

Mwaka wa 1890 akajiuzulu urais. Hakugombana kwa siri halafu atoe sababu za uongo kuhusu afya yake. Aliweka wazi kwamba aliona wanachama wengi wamejali zaidi kushinda zawadi, hasa medali za chama chao wenyewe, kuliko hali ya paka, na kwamba yeye hilo haliwezi. Alikuwa na miaka 66. Fikiria uamuzi huo. Miaka 19 kabla, kwa ile treni, kitu chote kilikuwa kichwani mwake peke yake. Sasa kina ofisi, kina kitabu, kina wakubwa wa jamii, na mtu anayeitwa baba yake anatoka mlangoni.

Kuna wanaosema alikosea kutoka, kwamba angebaki arekebishe mambo akiwa ndani. Mimi naona kama hiyo ni rahisi kusema. Mtu mmoja mzee dhidi ya biashara inayokua, na silaha yake ni ile tu kwamba yeye ndiye alianza. Hizo stori tumeziona hata kwa vyama vyetu vya hapa, na mara nyingi mwanzilishi ndiye hufukuzwa kwanza.

Kiti chake kikaenda kwa mchoraji mwingine, Louis Wain, yule aliyekuwa anachora paka wakivaa suti, wakinywa chai na kucheza karata. Wain alipendwa sana, lakini maisha yake yaliishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Chama nacho hakikukaa na amani. Mwaka wa 1898 kikundi pinzani kikaanzishwa, kila upande na kitabu chake, na ukiandika paka huku, kule hawamtambui. Ilichukua hadi 1910 ndio wakakubaliana kuwa na baraza moja, GCCF, ambalo bado ndilo linaandikisha paka wa ukoo Uingereza. Ng'ambo ya bahari, Mei 1895, Muingereza mmoja alikuwa amefanya shoo kubwa New York, ukumbi wa Madison Square Garden, na ushindi ukaenda kwa Cosey, paka wa Maine, paka wa shamba wa Marekani wenyewe. Nadhani Weir hiyo ilimfurahisha, kama aliskia.

Yeye mwenyewe alirudi kwa kuku na bustani. Mwaka wa 1891 serikali ikampa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka kwa kazi yake ya sanaa. Mwaka wa 1902, akiwa na miaka 78, akatoa kitabu kinene cha kuku ambacho alikuwa amekifanyia kazi miaka mingi, michoro yake tena. Alioa mara tatu. Alikuwa amebaki peke yake kati ya wale walioanza na Illustrated London News, wengine wote walikuwa wameshaenda. Akafariki tarehe 3 Januari 1906, Appledore, Kent, akazikwa Sevenoaks.

Na Bi Mkubwa? Siku ile ya Julai 1871 alikuwa amevalishwa kengele ndogo ya silva shingoni. Karatasi hakuwa nayo, kwa sababu kitabu cha ukoo kilikuwa bado hakijaanzishwa. Weir aliitunza ile kengele. Aliifunga kwa cheni ya saa yake ya mfukoni, na miaka 18 baadaye, alipokuwa anaandika kitabu chake cha paka, bado alikuwa anatembea nayo.